Milimita Moja ya Udongo

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, walimu, wakulima, vijana mliojumuika nasi, itifaki imezingatiwa.

Mada tuliyopewa ni mazingira watakayoyarithi wale ambao bado hawajazaliwa. Ina milango mingi: hewa, bahari, misitu, taka, tabianchi. Sisi tutapita mlango mmoja tu, wa udongo, na tuna sababu. Moshi wa kiwanda ukizimwa, hewa ya jirani husafika ndani ya siku chache. Msitu uliofyekwa, mahali penye mvua, huweza kuota tena aliyeufyeka akiwa bado hai. Udongo wa juu ukishachukuliwa na maji, umekwenda. Sentimita moja yake hujengeka kwa miaka 100 na zaidi, na penye mwamba mgumu na ukame huweza kuchukua miaka 1,000. Katika yote tutakayowaachia wajukuu, hili ni moja ambalo hawataweza kulirudisha hata wakitushinda kwa elimu na kwa fedha.

Hesabu yake ni nyepesi, na tunaomba kila mmoja aondoke nayo. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Tandaza juu yake udongo wenye unene wa milimita 1, umepata mita za ujazo 10, na uzito wake ni karibu tani 13. Shamba likipoteza milimita 1 kwa mwaka, mwenye shamba haoni kitu. Analima palepale na mpaka uko palepale. Baada ya miaka 25 zimeondoka sentimita 2.5. Baada ya miaka 75, yaani wajukuu wakishika jembe, zimeondoka sentimita 7.5, na tabaka jeusi lenye rutuba katika mashamba mengi halizidi sentimita 20. Tena maji hayachukui kwa usawa. Huanza na chembe nyepesi za mboji na za mfinyanzi, zile zinazoshika virutubisho na maji, yakaacha mchanga na kokoto. Ndiyo maana tope linalotoka shambani mara nyingi huwa na rutuba kuliko udongo uliobaki nyuma.

Tueleze jinsi linavyotokea, kwa sababu asiyejua chanzo hutibu pasipouma. Wengi wanadhani adui ni maji yanayotiririka. Adui wa kwanza ni tone. Tone kubwa la mvua, lenye kipenyo cha milimita 5, hufika ardhini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Likigonga udongo ulio wazi hupasua mabonge, na chembe huruka huku na huko, nyingine zaidi ya mita moja. Chembe hizo laini hujaza vitundu ambamo maji yangepitia, kisha juu hufanyika gamba. Hapo ndipo maji yanapokataa kuzama na kuanza kutiririka. Kwanza husafiri kwa tabaka jembamba lisiloacha alama, kisha hukusanyika katika vijifereji ambavyo jembe huvifuta kila msimu, na mwisho huchimba korongo ambalo jembe haliwezi tena kulifuta. Watu huitana kikao siku korongo linapoonekana, ilhali hasara kubwa ilikwisha kupita zamani, kimyakimya, katika hatua ile ya kwanza.

Dalili za hatua hiyo ya kwanza zipo kwa anayeinama. Tazama vijinguzo vya udongo vyenye kijiwe kichwani. Kijiwe kimekinga udongo wa chini yake, na kimo cha kijinguzo ndicho kina cha udongo ulioondoka pembeni yake tangu mara ya mwisho kulimwa. Tazama mizizi ya miti iliyobaki wazi, na udongo uliojilundika upande wa juu wa uzio huku upande wa chini ukiwa shimo.

Historia ina somo moja ambalo hatutalipita. Katika nyanda za kati za Marekani, nyasi za asili zenye mizizi mirefu zililimwa kwa maeneo makubwa mno baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ili kupandwa ngano. Ukame wa miaka ya 1930 ulipofika, ardhi ilikuwa tupu na upepo ukafanya kazi ambayo kwingine hufanywa na mvua. Tarehe 14 Aprili 1935 wimbi la vumbi lilifunika mchana ukawa giza. Tarehe 27 mwezi huohuo nchi ile ikapata sheria ya kuhifadhi udongo, na chombo chake kikaongozwa na Hugh Hammond Bennett, mtaalamu aliyekuwa ameonya kwa miaka mingi. Sheria ilikuwa nzuri na kazi iliyofuata ilikuwa kubwa. Udongo uliopeperushwa hadi baharini haukurudi.

Sasa tuje kwenye vitendo. Jambo la kwanza, la bei ndogo kuliko yote, ni kufunika ardhi. Kama adui wa kwanza ni tone, kinga ya kwanza ni kitu cha kulipokea kabla halijagusa udongo: mabua, majani makavu, nyasi zilizokatwa, au mazao yanayotambaa. Kiwango cha chini kinachokubalika katika kilimo hifadhi ni asilimia 30 ya uso wa ardhi. Usikadirie kwa macho, macho hudanganya na siku zote huongeza. Chukua kamba ya mita 10, ifunge mafundo 50, kila sentimita 20 fundo moja. Ilaze kwa mshazari kukatiza mistari ya mazao, kisha hesabu mafundo yaliyoangukia juu ya bua au jani. Zidisha kwa 2, hiyo ndiyo asilimia. Rudia sehemu tano za shamba na utafute wastani. Pima wakati wa kupanda, maana mabua yaliyokuwa mengi baada ya mavuno huwa yameliwa na mifugo, mchwa na jua.

Matandazo yana makosa yake. Ukiyafukia mabua makavu udongoni na kupanda mara moja, mimea hugeuka njano, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha mabua hunyang'anyana naitrojeni na mizizi. Yaache juu. Ukiyalundika hadi shina la mche, shina huoza. Acha nafasi ya upana wa kiganja. Na kuchoma masalia ili shamba lionekane safi ni kuliandaa kwa ajili ya tone.

Jambo la pili ni kuyatembeza maji taratibu kwenye mteremko. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapoona kazi nyingi za watu zikiharibika, na matuta yaliyopimwa vibaya ni afadhali yasingechimbwa.

Mistari ya kontua, yaani mistari inayokatiza mteremko kwa kimo kilekile ambayo matuta huifuata, haihitaji mashine. Fremu A inatosha. Tafuta fito mbili zilizonyooka za mita 2 na moja ya mita 1. Unganisha zile ndefu juu, tanua miguu iachane mita 2, kisha funga ule mfupi katikati ya urefu wa miguu. Ukikaa sawasawa umepata umbo sahihi. Tundika timazi kutoka kileleni: uzi wenye jiwe la nusu kilo hivi, unaoning'inia chini kidogo ya upau na usioguswa na kitu. Sasa ipime fremu yenyewe, hatua ambayo wengi huiruka. Simamisha miguu juu ya vigingi viwili, weka alama mahali uzi unapokata upau. Geuza fremu, mguu wa kushoto ukae pa kulia na wa kulia pa kushoto, kwenye vigingi vilevile, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa usawa: uzi ukitulia hapo shambani, miguu yote miwili iko kwenye kimo kimoja, na mstari wa kontua unapita ilipokanyaga. Usitegemee katikati ya upau uliyoipata kwa rula, kwa kuwa fito mbili hazilingani kamwe. Siku ya upepo acha kazi, au tumia jiwe zito zaidi.

Anza juu ya shamba, usianze chini. Maji ya juu yasipokingwa yatavunja tuta la kwanza, nalo likivunjika litalivunja la pili kwa maji mengi zaidi. Kama juu ya shamba kuna barabara au mwamba, chimba kwanza mtaro wa kukingia, nao uwe na mteremko kidogo, sentimita 5 kwa kila mita 10, ukielekeza maji kwenye njia yenye nyasi nzito. Mtaro unaomwaga kwenye ardhi tupu ya jirani ni korongo ulilomchimbia mwenzako.

Umbali kati ya matuta hutegemea mteremko. Kanuni inayotumiwa sana ni hii: chukua mteremko kwa asilimia, yaani mita ambazo ardhi inashuka kwa kila mita 100, gawa kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3. Jibu ni tofauti ya kimo kati ya tuta na tuta, kwa mita. Kwenye mteremko wa asilimia 10 unapata mita 1.35, ambayo ardhini ni umbali wa mita 13.5. Kwenye asilimia 20 unapata mita 2.1, ambayo ni mita 10.5 ardhini. Ukiona mtu ameweka mita 30 ili asipoteze nafasi ya kupanda, jua atapoteza udongo.

Kisha chimba. Mtindo wa fanya juu ni mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, udongo ukitupwa upande wa juu. Maneno haya ya Kiswahili yameingia katika vitabu vya uhifadhi wa udongo vya lugha nyingine yakiwa hivyohivyo, pamoja na mwenzake, fanya chini. Kati ya ukingo wa mtaro na tuta acha ukanda wa angalau sentimita 15, la sivyo udongo huporomoka na kurudi mtaroni mvua ya kwanza. Kila mita moja ya mtaro ni takriban nusu tani ya udongo wa kuinuliwa. Tunalisema ili mpange nguvu kazi kwa ukweli, kwa sababu hekta moja ya mteremko wa asilimia 10 inahitaji kiasi cha mita 740. Nusu ya shamba iliyokamilika, ikianzia juu, ni bora kuliko shamba zima lenye matuta ya magotini hapa na ya kifundoni pale.

Kwa nini tunasisitiza hilo? Angalieni. Tuta lenye kimo cha sentimita 30 kwenye mteremko wa asilimia 10 hurudisha maji nyuma mita 3. Nusu ya 0.3 mara 3 ni mita za ujazo 0.45 kwa kila mita ya tuta. Ukigawa kwa mita 13.5 za ukanda ulio juu yake, tuta linaweza kubeba milimita 33 za maji yaliyokataa kuzama. Sasa mahali pamoja tuta limekanyagwa na mifugo likabaki sentimita 15. Maji hapo hurudi nyuma mita 1.5 tu, na uwezo unashuka hadi mita za ujazo 0.11, sawa na milimita 8. Kimo kimepungua nusu, uwezo umebaki robo. Na kwa kuwa maji hutafuta mahali pa chini kabisa, pengo hilo moja ndilo linalopima uwezo wa tuta lote. Mvua ya mchana mmoja inatosha. Hivyo basi, baada ya kumaliza tuta, pita na fremu A juu ya mgongo wake, mita kwa mita, uinue palipobonyea. Rudia baada ya kila mvua kubwa ya msimu wa kwanza, wakati udongo mpya unatulia na kushuka.

Mgongo wa tuta upandwe nyasi mapema, mwanzoni mwa mvua. Vetiva ni nzuri kwa kuwa mizizi yake hushuka wima, mita 3 na zaidi mahali penye udongo wa kina, bila kusambaa kuingia kwenye mazao, na aina inayopandwa kwa kazi hii haienei kwa mbegu. Panda vichipukizi viwili vitatu pamoja, kila sentimita 10 hadi 15, mstari mmoja usiokatika. Mche uliokufa urudishiwe haraka. Pengo katika mstari wa nyasi hukusanya maji yote kama mlango uliofunguliwa.

Korongo lililokwisha kuwapo linatibiwa kuanzia nje. Kwanza ondoa maji yanayoangukia kichwani mwake, kwa mtaro wa kukingia tuliousema. Bila hivyo, mawe yote mtakayotia ndani ni kazi bure. Kisha jenga vizuizi vya mawe vifupi vingi, visizidi mita 1 kwa kimo. Mdomo wa kila kizuizi ulingane na kitako cha kizuizi kilicho juu yake. Kizuizi chenye kimo cha sentimita 60 kwenye sakafu yenye mteremko wa asilimia 5 kinamtaka mwenzake umbali wa mita 12. Katikati pawe chini kuliko kingo, maji yapite hapo. Pakiwa sawasawa yatazunguka pembeni na kulipanua korongo. Ingiza mabawa ya kizuizi ndani ya kuta angalau nusu mita, na tandaza mawe upande wa chini, pale maji yanapodondokea.

Kuhusu rutuba yenyewe, tuwe wakweli juu ya muda. Tabaka la sentimita 20 katika hekta moja lina uzito wa karibu tani 2,600. Kuongeza mboji kwa asilimia 1 tu ni kuongeza tani 26 za kitu kilichokwisha kuoza na kutulia. Masalia makavu ya mimea mengi hugeuka hewa yakiliwa na vijidudu, na kinachobaki baada ya muda mrefu pengine hakifiki moja ya tano. Kwa hiyo tani 26 zinadai zaidi ya tani 130 za masalia. Hakuna shamba linalotoa hizo kwa mwaka mmoja wala mitano. Hili si la kukatisha tamaa, linaonyesha tu kwa nini asilimia 1 iliyopotea kwa uzembe ni deni la mtu mwingine. Na kwa wanaojali tabianchi, kumbukeni kwamba udongo wa dunia una kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote ikijumlishwa. Kila plau inayogeuza ardhi bila haja huachilia sehemu ya akiba hiyo.

Wenzetu wa umwagiliaji tusiwasahau, kwani mashamba yao hufa bila hata kuondoka. Chukua maji mazuri, yenye nusu gramu ya chumvi kwa lita, ambayo mdomo hauisikii. Mwagilia milimita 600 kwa msimu, ni mita za ujazo 6,000 kwa hekta, na umeleta tani 3 za chumvi. Mmea hunywa maji na kuiacha chumvi. Isiposukumwa chini kwa maji ya ziada na kutolewa kwa mitaro, inabaki. Kosa la kawaida ni kuongeza maji pasipo na mtaro wa kuyatoa: maji ya chini hupanda, yakifika kina cha mita 1.5 hivi jua huanza kuyavuta hadi juu pamoja na chumvi, na ukungu mweupe huonekana asubuhi. Bahari ya Aral huko Asia ya Kati, iliyokuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani mwaka 1960, ilikaushwa kwa kugeuza mito ya Amu Darya na Syr Darya kwenda kumwagilia pamba. Mashamba mengi yaliyopewa maji hayo nayo yakajaa chumvi, na vumbi la sakafu ya ziwa likabeba chumvi hadi mbali. Sehemu ndogo ya kaskazini ilipanda tena baada ya bwawa la Kokaral kukamilika mwaka 2005. Sehemu kubwa ya kusini imebaki jangwa.

Ahadi kwa vizazi vijavyo zimekwisha andikwa. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilisema mwaka 1987 kwamba maendeleo ya leo yasiwanyime watakaokuja uwezo wa kutimiza mahitaji yao. UNESCO ilipitisha azimio juu ya wajibu wetu kwao tarehe 12 Novemba 1997. Wales ilitunga sheria mwaka 2015 na kuweka kamishna wa kuwasemea. Tunaziheshimu hatua hizo. Upungufu tunaouona ni kwamba hakuna mahali ambapo mtoto anakabidhiwa shamba pamoja na hesabu ya kina cha udongo wake, ilhali hata nyumba ya kupanga hukaguliwa kabla ya ufunguo kutolewa.

Kwa hiyo ombi letu ni moja, kwa shule, vikundi na familia zenye ardhi: fungueni daftari la udongo. Pigilia nondo nyembamba 20 za milimita 6 hadi 8, urefu wa sentimita 50, mistari minne ya nondo tano kushuka mteremko. Kila moja ibaki juu ya ardhi sentimita 10 kamili. Pima kabla ya mvua za kwanza na baada ya mvua za mwisho, ukisimama upande wa chini ili usikanyage udongo unaoupima. Andika tarehe, namba ya nondo, urefu ulio wazi, asilimia ya kamba yenye mafundo, na mvua ya msimu kama kuna kipimo. Nondo za chini zitafukiwa badala ya kufunuliwa, nazo ziandikwe kwa alama ya kutoa, msizifute. Msimu mmoja hausemi kitu cha kuaminika. Mitano husema. Daftari liwe la karatasi nene, liandikwe kwa penseli kwa sababu wino hutoka ukilowa, na ukurasa wa kwanza uwe na ramani ya nondo iliyochorwa kuanzia kitu kisichohama, kama mwamba au kona ya jengo, ili atakayelipokea aweze kuzipata nondo zote 20 bila kumuuliza mtu.

Asanteni kwa kutusikiliza.